Maiki ya bei kubwa juu ya kamera, na sauti bado ya kwenye pipa

"Fundi, maiki nimeshanunua, wewe nisafishie tu kidogo." Maneno haya nikiyapokea pamoja na mafaili, najua nitakachokikuta hata kabla sijafungua: maiki nzuri imebanwa juu ya kamera ya DSLR, mzungumzaji yuko mita mbili au tatu mbele yake, na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mteja anailaumu kamera, anailaumu maiki, nikichelewa kumjibu ananilaumu na mimi. Haya hapa madai ninayoyasikia kila mara, na majibu yangu.

"Maiki ya shotgani inavuta sauti ya mbali"

Haivuti. Hakuna maiki inayovuta chochote. Sijui nani aliwaambia watu kwamba maiki ndefu ni zoom ya masikio, lakini dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa pamoja.

Shotgani ni bomba lenye matundu ubavuni na kapsuli, yaani kile kidude kinachonasa sauti, nyuma. Sauti inayotoka mbele inapita moja kwa moja. Ile ya pembeni inaingia kupitia matundu mengi, inafika kwenye kapsuli kwa nyakati zinazopishana, na sehemu yake kubwa inajifuta yenyewe. Basi. Inapunguza ya pembeni, haiongezi ya mbele. Tena kupunguza kwenyewe ni kwa sauti nyembamba zaidi kuliko nzito. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100 lina urefu wa mita 3 na ushee, kwa hiyo kabomba ka sentimita 15 hakawezi kulizuia. Ndiyo maana mngurumo wa feni au wa gari linalosubiri nje unaingia hata ukiwa umeelekeza maiki kwingine kabisa.

Kinachoamua usafi wa sauti ni umbali kati ya mdomo na maiki. Kila umbali ukizidi mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni inapungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Msemaji aliyekuwa nusu mita kutoka kwenye maiki, ukimweka mita 2, umeshapoteza desibeli 12. Mwangwi wa chumba je? Uko palepale, kwa sababu umetapakaa chumba kizima. Feni nayo haijasogea. Ukifidia kwa kuongeza gaini, yaani kiwango cha kukuza sauti, unampandisha msemaji na kupandisha takataka zote pamoja naye. Uwiano kati yao ulishaamuliwa na pale uliposimamisha kamera, na hakuna kitufe cha kuubadilisha.

Kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya vigae na dari tupu, mambo ni mabaya zaidi. Sauti ya msemaji inagonga dari na kuta, kisha inarudi ikiingia kwenye bomba kwa pembe za kila namna, na shotgani inaishia kutoa mwangwi wenye rangi ya ajabu. Humo ndani, maiki fupi ya kadioidi (inayosikia zaidi ya mbele kuliko ya nyuma) iliyosogezwa karibu mara nyingi huishinda ile ndefu.

Anayebisha namwomba afanye jaribio moja. Chukua maiki ndogo ya bei rahisi ya kubana kwenye nguo, ibane kifuani shibiri moja chini ya kidevu, rekodi dakika moja. Kisha rekodi maneno yaleyale kwa shotgani yako ya fahari ikiwa juu ya kamera, mita 2 kutoka kwa msemaji. Sikiliza zote mbili kwa heidifoni. Sijakutana na mtu aliyechagua ya pili.

Shotgani uliyonunua usiitupe, ishushe tu kutoka kwenye kamera. Nunua kebo ya kurefusha, ifunge maiki kwenye stendi au fimbo, ije juu ya kichwa cha msemaji ikielekea kifuani. Kanuni yangu ni hii: ishushe mpaka ionekane kwenye fremu, halafu ipandishe kidogo tu ipotee. Hapo ndipo mahali pake. Ila kebo hizi nyembamba za pini ya milimita 3.5 zinaokota mvumo wa umeme zikiwa ndefu. Ukihitaji zaidi ya mita chache, tumia maiki ya XLR (ile ya plagi nene yenye pini tatu) na rekoda.

"Niiachie kamera otomatiki, yenyewe inajua"

Inachojua ni kwamba ukimya ni kosa. Msemaji akinyamaza kutafakari, gaini ya otomatiki inapanda kutafuta sauti, na ule mlio wa "shhh" unainuka. Akianza tena kusema, neno la kwanza linatoka kwa kishindo, kisha yote yanashuka. Kwenye mahojiano ya polepole unaisikia kamera ikipumua.

Canon EOS 5D Mark II ilipotoka mwaka 2008, hapakuwa na njia rasmi ya kuizima otomatiki hiyo hadi sasisho la Machi 2010. Wakati huo malalamiko yalikuwa ya haki. Leo kamera nyingi za DSLR zenye tundu la maiki zina uchaguzi wa Manual, na bado napokea mafaili ya Auto.

Weka Manual. Gaini ya kamera ishushe hadi karibu na chini kabisa, na kama maiki yako ina swichi ya kuongeza desibeli 20 (+20), iwashe. Kikuza sauti cha ndani ya kamera ndicho chenye mlio mchafu, kwa hiyo kipe kazi ndogo kadiri inavyowezekana. Vilele vya sauti vifike kama desibeli -12 kwenye kipimo cha kamera. Vikigonga 0, kichwa cha wimbi kimeshakatwa.

"Pini ikiingia, imeingia"

Hesabu pete nyeusi kwenye pini. Maiki ya simu ina tatu, kamera inataka mbili. Ukilazimisha bila adapta, utapata sauti hafifu au kimya.

Kebo ya XLR kwenda pini ndogo ya stereo ina mtego mbaya zaidi. Nyingine zimeungwa ovyo, kulia na kushoto zikabeba wimbi lilelile likiwa limegeuzwa. Kwenye heidifoni utasikia sauti iliyopanuka kiajabu. Kwenye simu yenye spika moja, pande mbili zinafutana na msemaji anachezesha midomo tu. Dawa yake ni kufuta upande mmoja na kunakili uliobaki pande zote mbili.

"Vijistari vya kipimo cha sauti kwenye skrini vinacheza, kwa hiyo maiki inafanya kazi"

Pini isipozama hadi mwisho, kamera inaendelea kutumia maiki yake ya ndani, na vijistari vinacheza vizuri tu. Kwaruza maiki ya nje kwa ukucha. Visiporuka, unarekodi lenzi ikijifokasi. Kama kamera ina tundu la heidifoni, huna kisingizio.

"Programu itasafisha"

Mlio usiobadilika, ndiyo, hasa ukiniachia nusu dakika ya ukimya wa chumba kilekile. Mwangwi nao programu za akili mnemba zinaupunguza kweli, ila zinaumeza na mwisho wa maneno. Sauti iliyokatwa kwa gaini kubwa inaweza kupakwa rangi, lakini ya awali hairudi.

"Sponji inazuia upepo"

Inazuia pumzi ya p na b. Nje weka kifuniko cha manyoya.

"Rekoda ya biti 32 za floti inamaliza shida zote"

Rekoda ya aina hii hubeba sauti ndogo mno na kubwa mno bila kuikata, kwa hiyo inakuokoa ukikosea gaini ya rekoda, nalo ni jambo jema. Kama kilichozidiwa ni maiki yenyewe, au kirushio chake kisichotumia waya, utahifadhi uchafu kwa usahihi mkubwa. Na umbali ni ule ule.

"Rekoda ya pembeni ni usumbufu wa kuoanisha sauti na picha"

Usumbufu ni kofi moja mbele ya lenzi. Acha na sauti ya kamera iwashwe, hata kama ni mbaya, maana programu ya kuhariri inalinganisha mawimbi ya pande zote mbili na kuyapanga yenyewe. Rekoda iweke kwenye kasi ya sampuli ya kilohezi 48, si 44.1. Na kama kipindi kinapita nusu saa, piga kofi jingine mwishoni. Saa ya kamera na ya rekoda hazikimbii sawasawa, na kofi hilo la mwisho ndilo linalonionyesha zimeachana kwa fremu ngapi.