Hewa uliyovuta wewe

Nikiulizwa "hewa ya leo ikoje?", nami huuliza: ulikuwa wapi, na kwa muda gani? Kituo cha kupimia hewa kimesimama mahali pamoja. Wewe unatoka chumbani, unaingia jikoni, unasubiri basi kando ya barabara. Majirani wanaotenganishwa na ukuta mmoja wanaweza kulala usiku wakiwa wamevuta hewa tofauti kabisa.

Ninachofuatilia zaidi ni chembe za PM2.5, zisizozidi kipenyo cha mikromita 2.5. Unywele mmoja unazizidi unene takriban mara 30. Pua na koo haviziwezi. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na zilizo ndogo kabisa hupenya hadi kwenye damu. Ndiyo maana madhara hayaishii kwenye kikohozi: kuna ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu.

Tuseme umevaa kipimo kifuani siku nzima. Kwa saa 23 kinaonyesha mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo. Saa moja umekaanga chakula, madirisha yamefungwa, kimepanda hadi 250. Jumla ni 480. Gawa kwa 24, unapata 20. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni 15 kwa siku. Saa ile moja peke yake imebeba zaidi ya nusu ya mzigo wa siku nzima! Kama si kipimo, lawama zote zingeenda barabarani.

Wastani wa mwaka, ambao mwongozo huo unauweka 5 tu, ndio unaonishughulisha kwa habari ya moyo, kwa sababu mishipa ya damu huharibika polepole. Pumu ni jambo jingine: huweza kuchochewa na moshi wa dakika chache. Kwa hiyo mwenye pumu namwomba aandike saa kifua kilipombana, mahali alipokuwa na alichokuwa akifanya, kisha tuweke daftari lake kando ya grafu ya kipimo chake.

Vipimo vidogo hivi hutumia mwanga wa leza, na unyevu huvidanganya: chembe zikinywa maji huvimba, namba inapanda. Asubuhi yenye ukungu usishtuke haraka. Kiweke chako siku kadhaa karibu na kituo rasmi, ulinganishe, ndipo uanze kuzisoma namba zake.