Injini ikifa Mombasa: yale tunayoambiana na ukweli wenyewe

Gari ikizima njiani, wa kwanza kufika si fundi, ni washauri. Probox yangu ilichemka kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, natoka Ukunda kuuza mitumba, moshi mweupe umejaa boneti yote, na kabla sijashuka vizuri nishaambiwa mambo matano: injini imekufa, nitafute ya ex-Japan (iliyotumika Japani), niuze, nisiuze, na kwamba kuna jamaa yuko na 80,000 keshi sahii hii hapa hapa. Wallahi nilikaribia kumpa ufunguo.

Sikumpa. Nimekaa gereji za Bondeni na Majengo wiki nzima na zaidi nikiuliza maswali mpaka mafundi wakanichoka, na mengi niliyokuwa nayaamini kumbe ni hadithi tu, kwa hivyo nayaweka hapa ili mwengine asijeuza gari ya maana kwa bei ya ng'ombe.

"Injini imekufa"

Hii ndiyo mama wa zote. Kusema injini imekufa ni kama kusema mtu anaumwa, haya, anaumwa nini? Gari inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya pampu ya mafuta, sensa ya krenki (chuma cha chini kinachozungushwa na pistoni), fyuzi, waya umeliwa na panya (hapa kwetu usicheke), na hizo ni kazi za siku moja. Inaweza kuwa hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na bloki) imeungua, maji yakaingia kwa oili, ukichomoa dipistiki au ukifungua kifuniko cha oili unakuta kitu kama chai ya maziwa, moshi wa nyuma mweupe usioisha, na hapo mara nyingi injini ya chini bado ni nzima ukiwa hukuendelea kuiendesha. Inaweza kuwa imenoki, mlio wa kugonga kutoka chini unaozidi ukikanyaga mafuta, basi hapo beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zimeliwa na krenki lazima itolewe ipimwe. Na kuna ile iliyoshika kabisa, ukitia spana kwenye boliti ya puli ya krenki haizunguki hata kidogo. Zote hizi barabarani zina jina moja, "imekufa", na bei zake hazikaribiani hata kwa bahati mbaya.

Taiming belti nayo inachanganya watu. Subaru za injini ya EJ20 zinatumia belti, ikikatika na gari inakimbia valvu zinagongana na pistoni, valvu zinapinda. Injini ya 1NZ ya Probox na Fielder inatumia cheni, hiyo hadithi ya "belti imekatika" usiambiwe kwa 1NZ ukakubali.

Kipimo ambacho watu wengi hawakiombi ni cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayokandamizwa ndani ya kila silinda. Plagi zote zinatolewa, geji inaingizwa shimo moja moja, injini inazungushwa na stata. Petroli iliyo na afya husoma kama psi 150 mpaka 200 hivi kutegemea injini, lakini namba yenyewe si muhimu kama zile silinda kukaribiana. Silinda mbili jirani zikiwa chini zote pamoja, shuku gasketi imeungua katikati yao. Moja ikiwa chini, fundi anamwaga oili kidogo ndani anapima tena, ikipanda ni ringi (pete za pistoni), isipopanda ni valvu au gasketi. Ni kazi ya chini ya saa moja kwa injini nyingi ndogo, halafu ndio mtu azungumze mambo ya kuuza.

Fundi wa kwanza hakupima kitu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, "dadangu hii imekwisha, lakini rafiki yangu anayo moja safi". Mzee mmoja wa Bondeni ndiye aliyetoa plagi, akakuta namba 2 na namba 3 ziko chini zote mbili. Hedi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kuskimiwa (kusawazishwa kwa mashine), gasketi mpya, boliti mpya, mwisho. Lakini mzee hakuishia hapo, aliniuliza swali ambalo yule wa kwanza hakuwa na haja nalo: ilichemka kwa nini? Mota ya feni ilikuwa imekufa zamani. Gari ikitembea upepo unapoza rejeta wewe hujui kitu, ukisimama kwenye foleni hakuna upepo, kazi yote ni ya feni, na feni haiko. Ningenunua ile injini ya rafiki wa fundi wa kwanza nikarudi nayo foleni ile ile ya feri, ingechemka vile vile. (Ndiyo, najua sasa mtu anaweza kuzunguka na barabara ya Dongo Kundu bila feri, siku ile sikuzunguka.)

"Maji ni maji tu, jaza twende"

Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, mtu yeyote aliyekogea maji ya kisima Majengo anajua sabuni haitoki povu. Hayo ndiyo tunayajaza kwa rejeta. Chumvi inakula alumini, inakula pampu ya maji, inaacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Kulanti kazi yake si rangi ya kijani wala nyekundu, ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewesha kuchemka, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinashikilia presha ili maji yasichemke kwa digrii 100 bali juu zaidi. Kifuniko kilicholegea ni kitu cha bei ndogo sana kinachoua injini za bei kubwa. Na kwa sababu hiyo hiyo ya presha usikifungue gari ikiwa moto, mvuke unaotoka unachuna ngozi.

"Imechemka lakini endesha pole pole ufike gereji"

Hapana. Hapo ndipo hedi gasketi ya kawaida inapogeuka injini nzima. Alumini ikipata moto kupita kiasi inapinda, oili inakuwa nyepesi kama maji, beringi zinaanza kusuguana chuma kwa chuma. Zima, subiri, ita gari ya kuvuta. Pesa ya kuvutwa kutoka Mazeras mpaka kisiwani inauma, najua, lakini huwezi kuilinganisha na ya injini.

"Weka ya ex-Japan, gari inakuwa mpya"

Injini ya ex-Japan ni injini kuukuu iliyopanda meli. Inaweza kuwa nzuri sana, inaweza kuwa ilitolewa kwenye gari iliyochemka huko huko, mileji yake huioni kwa sababu mita imebaki kwenye dashi ya gari nyengine. Gwaranti nyingi za madukani ni za kuwaka tu, ikiwaka siku hiyo, kwaheri. Kwa hivyo nenda na fundi wako na geji yake, ipimwe kompresheni hapo hapo kabla pesa haijatoka mfukoni, fungua kifuniko cha oili uchungulie kama kuna matope meusi, angalia kama sampu (karai la oili chini ya injini) imegongwa.

Halafu jina moja halimaanishi injini moja. 1NZ-FE za zamani throtoli (mlango wa hewa ya injini) inavutwa na waya, za baadaye ni ya umeme, ukichukua isiyolingana na yako unaanza kununua waya, kompyuta, pedali, na fundi wa umeme anakuwa mgeni wa kila siku. Na kuna lile la karatasi ambalo watu wanaliruka: namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini inatakiwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijulishwe, gari ikaguliwe, logibuku irekebishwe. Chukua risiti na uulize karatasi za kuingizia mzigo nchini. Usipofanya hivyo leo hutaona shida, utaiona siku unauza na mnunuzi ana macho.

"Ovaholi haidumu"

Ovaholi ni kufungua injini na kuijenga upya. Ya ringi mpya kwenye silinda zilizolika haidumu, hiyo kweli. Lakini hiyo si ovaholi, ni kupaka wanja. Ya kweli ni krenki inapimwa na mikromita, silinda zinapimwa kama zimekuwa za mviringo wa yai, beringi zinachaguliwa kwa saizi, pampu ya oili inabadilishwa, hedi inapimwa na rula iliyonyooka. Ukimuuliza fundi wako "krenki imesoma ngapi?" akakwambia "iko sawa tu", basi hakuipima.

"Kazi ikipita nusu ya bei ya gari, uza"

Hii imeniudhi kuliko zote kwa sababu inasikika kama hekima, kila baraza la kahawa lina mzee wa kuisema. Hesabu yenyewe ni tofauti ya bei mbili: gari ikiwa nzima inauzwa ngapi, na vile ilivyokufa inauzwa ngapi, kisha hiyo tofauti uilinganishe na gharama ya kazi. Namba hizi ni za mfano tu. Gari ikiwa nzima ni 400,000, imekufa wanakupa 120,000, kazi ni 210,000. Kazi imepita nusu ya bei, mzee wa baraza anasema uza. Lakini tofauti ni 280,000, ukitengeneza uko mbele kwa 70,000. Sasa nyengine, nzima ni 700,000, imekufa bado wanatoa 520,000 kwa sababu bodi safi na giaboksi nzuri, kazi ni 250,000. Haijafika nusu, mzee anasema tengeneza, na tofauti ni 180,000 tu, utapoteza 70,000 hivi hivi ukijiona mjanja.

Na hizo bei mbili usiziotee, waulize watu watatu wanne kila upande, na bei ya kazi iandikwe pamoja na gasketi, oili, kulanti, fundi, kuvutwa na siku ambazo gari imekaa haiingizi kitu, maana kwa sisi wa biashara hizo siku ni pesa.

Kama huna nia ya kuuza, swali linakuwa utapata nini badala yake. Gari za kuingizwa kutoka nje lazima ziwe hazijapita miaka 8, na ushuru wa forodha ulitoka asilimia 25 ukaenda 35 mwaka 2023, kabla hujahesabu eksaizi na VAT. Ndiyo maana hata magari kuukuu humu mjini hayashuki bei kirahisi. Na hiyo utakayonunua kwa mtu, nayo ina siri zake, yako angalau siri zake unazijua.

Kitu kimoja kinachoweza kugeuza hesabu yote kwetu pwani ni kutu. Upepo wa bahari unakula chini ya gari bila kelele. Kabla hujatia injini nzuri, piga nyundo ndogo kwenye fremu, kwenye sakafu chini ya kapeti, sehemu zinaposhika sokabu. Ukiona inatoboka, uza, injini mpya kwenye chombo kilichooza ni kuvisha maiti suti.

"Nishatia pesa nyingi, siwezi kuiacha"

Maji yakimwagika hayazoleki. Ile gia boksi ya mwaka jana na tairi mpya zimo tayari ndani ya hizo bei mbili, usizihesabu mara ya pili kwa uchungu wa roho.

"Nina bima kubwa, italipa"

Bima kubwa, yaani komprehensivu, ni ya ajali, moto, wizi na kadhalika. Injini kuchoka au kuharibika yenyewe huwa imetengwa kwenye mkataba, soma. Ya mafuriko inategemea mkataba wako unasemaje, lakini gari ikizima ndani ya maji ya mvua ya masika usijaribu kuwasha tena, maji hayagandamiziki kama hewa, konrodi inapinda, na hapo bima ina mdomo wa kukujibu.

"Gari iliyokufa ni skrepu, chukua chochote"

Broka anapenda uamini hivi. Giaboksi, milango, taa, rimu, kompyuta, kila kimoja kina mnunuzi, na kataliti (kisafishia moshi) iliyo kwenye egzosi ina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, wapo wanaonunua gari zima kwa macho ya hicho kidude tu. Ukiamua kweli ni chuma, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka mnunuzi awe na leseni, muulize. Na ukiuza kama gari sema imeharibika nini, zile mbinu za kumwaga oili nzito ili noki inyamaze hazimdanganyi fundi, zinamdanganya mama wa watu.

"Tumeandikiana, yamekwisha"

Hayajakwisha. Sheria ya Trafiki inamhesabu mwenye jina kwenye logibuku kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vyengine, hata gari ikiwa imeondoka kwako imevutwa kwa kamba. Uhamisho unafanywa kwenye akaunti ya NTSA ndani ya eCitizen, wewe unaanzisha, mnunuzi anakubali, na kama gari ilinunuliwa kwa mkopo benki nayo lazima iachilie kwanza. Shemeji yangu aliuza Noah iliyonoki kwa karatasi moja na mashahidi wawili, akaona haina haja, gari yenyewe imekufa itaenda wapi. Aliyeinunua alitia injini ndani ya mwezi, Noah ikaanza kubeba abiria usiku, na polisi walipoitafuta walimpigia shemeji. Mpaka leo simu ikiita kwa namba asiyoijua anampa mkewe apokee.