Deraya Maalumu: Jinsi ya Kulichagulia Jitu la Kivita Ngozi Yake

Katika bunilizi za kisayansi, deraya maalumu ni ngozi ya mashine kubwa ya kivita iliyoundwa ili kupambana na aina fulani ya pigo, au ili kufanya kazi nyingine zaidi ya kuzuia mapigo, kwa gharama ambayo deraya ya kawaida haikuidai. Neno deraya tunalijua kutokana na magari ya deraya ya jeshi na ya polisi, na maana yake haibadiliki hapa: ni ganda linalosimama kati ya silaha ya adui na uhai wa aliye ndani. Kinachobadilika ni wingi wa aina za ganda hilo, kwa sababu mtunzi wa bunilizi anaweza kubuni bamba linaloakisi miale, bamba linalolipuka kuelekea nje, au bamba linaloificha mashine nzima isionekane kwenye rada. Uhodari wa mtunzi, kwa maoni yangu, hupimwa pale anapoamua kila bamba litoze nini, kwa kuwa deraya isiyotoza chochote huua mvutano wa hadithi na wa mchezo kwa pamoja.

Mfano ulionyooka kuliko yote ninayoijua ni BattleTech, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1984 na kampuni ya FASA ya Chicago, ambao simulizi zake zimewekwa katika karne ya 31. Ndani yake rubani mmoja huendesha jitu la chuma lenye miguu, lenye uzito wa kati ya tani 20 na tani 100, na kila jitu lina karatasi yake yenye picha ya mwili uliojazwa viduara vidogo. Kila kiduara ni alama moja ya deraya. Jitu likipigwa, mchezaji huvipaka viduara penseli kimoja baada ya kingine. Vikiisha katika sehemu iliyopigwa, pigo huingia kwenye kiunzi, na kutoka hapo huanza kuharibu injini, silaha na vifaa. Deraya ya mchezo huu, basi, huliwa kidogo kidogo kama sabuni, wala haiko kama ukuta ambao ama unasimama au unabomoka.

Tani moja ya deraya ya kawaida hutoa alama 16. Jitu maarufu kuliko mengine, Atlas lenye tani 100, limevaa tani 19, yaani alama 304: kichwa 9, kifua cha kati 47 mbele na 14 mgongoni, kila ubavu 32 mbele na 10 nyuma, kila mkono 34, kila mguu 41. Mgawanyo huo unastahili kutazamwa kabla ya kufikiria maboresho yoyote. Mgongo umeachwa mwembamba kwa makusudi, kama ambavyo wahandisi wa Ujerumani walivyokipa kifaru cha Panther bamba la milimita 80 lililolazwa kwa mshazari upande wa mbele, huku ubavuni wakiweka takriban milimita 40. Anayeunda mashine ya vita hana chuma cha kutosha kulinda pande zote sawasawa, kwa hiyo analazimika kukisia adui atatokea wapi.

Deraya hupimwa kwa vipimo vitatu, na wengi hukikumbuka kimoja tu. Cha kwanza ni uzito, ambacho kila mtu anakiona. Cha pili ni nafasi. Mwili wa jitu una nafasi 78 za kuwekea vifaa, na baada ya injini, mtambo wa kulisimamisha wima, chumba cha rubani na viungo vya mikono na miguu kuchukua nafasi 31, zinabaki 47 za silaha, risasi, vipozajoto na kila kingine. Cha tatu ni kikomo: kila sehemu ya mwili, isipokuwa kichwa, inaruhusiwa kubeba alama za deraya zisizozidi mara mbili ya alama za kiunzi chake. Kwa jitu la tani 100 jumla yake ni 307, hata kama mwenyewe ana tani 50 za chuma zimekaa bure.

Tuanze na boresho linalopendwa zaidi, deraya iliyosukwa kwa chuma na nyuzi. Tani yake moja hutoa alama zaidi kwa asilimia 12 kuliko ya kawaida, na kwa masikio ya mchezaji mgeni hiyo ni faida ya bure. Sasa tulitengenezee Atlas hesabu. Alama 304 zinazodai tani 19 za deraya ya kawaida zinapatikana kwa tani 17 za deraya ya nyuzi, kwa hiyo mwenye jitu ameokoa tani 2. Lakini deraya ya nyuzi ni nene, na unene huo unameza nafasi 14 kati ya zile 47. Upo mbadala unaomeza nafasi 14 vilevile, nao ni kiunzi chepesi cha chuma ambacho hupunguza uzito wa mifupa ya jitu kwa nusu. Mifupa ya Atlas ina tani 10, kwa hiyo kiunzi chepesi kinaokoa tani 5. Gharama ni ile ile, faida moja ni tani 2 na nyingine ni tani 5. Ndiyo maana mjenzi mzoefu anayetafuta tani za ziada hubadilisha mifupa kwanza, na ngozi huiacha hadi aone kama nafasi zimebaki. Katika majitu makubwa kwa kawaida hazibaki, kwa sababu mzinga mkubwa ambao Atlas limebeba ubavuni peke yake unakula nafasi 10.

Deraya iliyokomazwa ina tabia tofauti kabisa, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Kila alama yake hustahimili pigo la alama mbili, jambo linalosikika kama ulinzi maradufu. Hata hivyo, tani yake moja hutoa alama 8 tu badala ya 16, kwa hiyo tani 19 huzaa alama 152 zenye uwezo wa kustahimili 304, yaani sawasawa na deraya ya kawaida. Kwa uzito huo hakuna kilichopatikana, tena jitu limepungukiwa na mwendo wa kukimbia na rubani ameongezewa ugumu wa kulisimamisha lisianguke. Faida yake inatokea kwenye kile kipimo cha tatu. Aliyekwishafika kwenye kikomo cha 307 na bado ana uzito wa kutumia anaweza kuendelea kujilinda kwa njia hii.

Na faida hiyo inaonekana wazi zaidi kichwani. Kichwa cha jitu, liwe dogo au kubwa, hakiruhusiwi zaidi ya alama 9 za deraya juu ya kiunzi cha alama 3, na ndani yake ameketi rubani. Bunduki ya Gauss, ambayo hurusha kipande cha chuma kwa nguvu za sumaku, hupiga kwa alama 15. Tisa na tatu ni kumi na mbili. Risasi moja iliyotua kichwani imemaliza mchezo, hata kama mwili mzima haujapata mkwaruzo. Kichwa chenye deraya iliyokomazwa hustahimili alama 18 kabla ya kiunzi kuguswa, na hivyo rubani yule yule, akipigwa na risasi ile ile, anaendelea kupigana. Mtu aliyewahi kupoteza jitu zima la tani 100 kwa kete moja iliyoangukia kichwa hahitaji kushawishiwa kuhusu thamani ya alama hizo.

Kundi linalofuata ni la deraya zinazojibu silaha ya aina moja. Deraya ya kuakisi hupunguza kwa nusu madhara ya leza na mizinga ya miale, kiasi kwamba mzinga wa chembe unaopiga kwa alama 10 unabaki na 5. Dhidi ya adui aliyejijaza leza, hakuna bora kuliko hiyo. Lakini mabamba yake ni mepesi kuvunjika, na mapigo ya mwili kama teke au anguko huyadhuru mara mbili. Teke la Atlas ni alama 20; likitua kwenye mguu wa Atlas jingine lililovaa deraya ya kuakisi, linakuwa alama 40, na mguu ule tuliuona una 41. Teke moja limeuacha mguu na kiduara kimoja.

Deraya ya kujibu mlipuko nayo hupunguza kwa nusu madhara ya makombora na ya mizinga ya mbali, na wazo lake limetoka kwenye vita vya kweli. Vifaru vya Israel vilivyoingia Lebanon mwaka 1982 vilikuwa vimepachikwa matofali yenye baruti, ambayo kombora linapoyagusa hulipuka na kuuvuruga mchirizi wa chuma ambao kombora hilo hutumia kutoboa. Gharama yake katika uhalisia ilikuwa askari wa miguu kulazimika kukaa mbali na kifaru chao wenyewe, na jibu la wapinzani likawa kombora lenye vichwa viwili, cha kwanza kulipua tofali na cha pili kupita palipoachwa wazi.

Deraya ya kujificha haizuii pigo hata moja zaidi ya ile ya kawaida. Kazi yake ni kumfanya adui akose shabaha katika masafa ya kati na hasa ya mbali. Inadai nafasi 12, inadai mtambo wa kuvuruga mawimbi ya adui, na ikiwashwa huongeza joto la vipimo 10 kila zamu. Jitu lenye vipozajoto 10 vya kawaida limekwisha kutumia uwezo wake wote wa kujipoza kabla halijafyatua chochote. Adui akikaribia, maficho hayamsaidii tena rubani. Kwa hiyo hiyo ni deraya ya jitu jepesi linalopiga kutoka mbali na kuondoka, na kulivisha Atlas, ambalo silaha yake kuu hutaka likaribiane na adui, ni kulitwisha joto bila sababu.

Lipo pia jambo la viwanda, ambalo watunzi wa BattleTech walilifikiria vizuri. Katika simulizi zao, vita vya vizazi vingi viliharibu viwanda na maarifa hadi deraya ya nyuzi ikapotea kabisa katika majeshi ya madola makuu, na njia ya kuirudisha ikafunguka mwaka 3028 ilipogunduliwa hazina ya kumbukumbu za kale kwenye sayari ya Helm. Miongo michache baadaye zikavamia Koo, wazao wa jeshi lililohama zamani na ambalo halikuwahi kupoteza maarifa hayo. Deraya ya nyuzi ya Koo hutoa asilimia 20 zaidi na kumeza nafasi 7 tu. Rudia ile hesabu ya Atlas kwa deraya hiyo: tani 16 zinalijaza jitu lote hadi kikomo cha alama 307, tani 3 zinabaki mkononi, na nafasi zilizotumika ni nusu ya zile ambazo mwenye deraya ya nyuzi ya madola makuu amelipa ili aokoe tani 2.