Je, wajua serikali inapataje akiba ya bitcoin?

Huku Mbeya ukitaja akiba ya taifa watu wanawaza mahindi ya NFRA, wale wa hifadhi ya chakula, au dhahabu kama ile ya Chunya ambayo siku hizi Benki Kuu (BoT) inanunua, sasa waambie kuna nchi zimeweka bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, uone, kijiwe kizima kitauliza hela ya kununulia wametoa wapi. Kumbe zenye mzigo mkubwa wala hazikununua, zimekamata tu.

Machi 2025 Trump alisaini amri ya kuanzisha akiba ya bitcoin Marekani, na za kuanzia ni zile zilizotaifishwa kwa wahalifu. Mcheki jamaa mmoja James Zhong, 2012 aliiba bitcoin kwenye Silk Road, lile soko la magendo la mtandaoni, akatulia zake miaka tisa. Novemba 2021 maafisa wakaingia kwake kule jimbo la Georgia wakakuta zaidi ya 50,000, nyingine kwenye sefu ya chini ya sakafu, nyingine kwenye kikompyuta kilichofichwa ndani ya kopo la bisi, kabatini bafuni, limefunikwa mablanketi. Zaidi ya dola bilioni 3 kwa bei ya wakati ule, bafuni!

Ila kukamata kompyuta peke yake haisaidii, bila ule ufunguo wa siri, yaani namba ndefu inayoruhusu kuzihamisha, polisi wamebeba chuma tu. Wakiupata wanazihamishia kwenye pochi ya kidijitali ya serikali, halafu inasubiriwa mahakama itaifishe, maana kama kuna mtu aliibiwa anaweza kudai chake. Na ukishazipata uwe na roho ya kuzishika, Ujerumani walikamata karibu 50,000, katikati ya 2024 wakauza zote kwa wastani wa chini ya dola 60,000 kila moja, Desemba hiyohiyo bei ikavuka 100,000.

El Salvador wao walinunua kweli, kidogokidogo, na nyingine walichimba, yaani kompyuta zinapiga hesabu na kulipwa bitcoin mpya, kwa umeme wa jotoardhi. Bhutan wanachimba kwa umeme wa maji. Ndo hapo wengine huku wanaanza kuitolea macho jotoardhi ya kule Ngozi, hukuhuku Mbeya, mi nasema umeme huo ukipatikana uende kwanza kwenye mashine za kusaga.

Bongo BoT ilishatangaza 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi, halafu 2024 ikaja kodi ya 3% kwa wanaoziuza, hapo mnielezee nyie.