Lori kuukuu kufeli kipimo cha moshi si lazima injini iwe imekufa

Wengi huamini kwamba lori la dizeli la zamani likifeli kipimo cha moshi, injini imekwisha. Mara nyingi sivyo. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: kichujio cha hewa kimeziba, nozeli zinazoingiza dizeli kwenye injini zinadondosha badala ya kunyunyiza, au mpira wa turbo, yaani pampu inayosukuma hewa kwenye injini, umepasuka. Anza na kichujio, ndicho rahisi. Kitoe, mulika tochi kwa ndani. Mwanga usipopenya, kibadilishe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo kweli ringi za pistoni huenda zimelika. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto? Angalia kama maji ya rejeta yanapungua, maana huenda yanavujia ndani ya injini. Na tafadhali, usipime injini ikiwa baridi. Hata iliyo nzima hutoa moshi.