Buli la Kufinyanga: Tunayoaminishwa na Yaliyo Kweli

Mtu akikukuta umekaa kwenye gurudumu la mfinyanzi, udongo unazunguka na ukuta unapanda mikononi mwako, huondoka akiamini ameiona kazi yote. Nami niliamini hivyo hivyo. Nilipoanza kujifunza kufinyanga buli, au birika la chai kama wengi tunavyosema, nilidhani nikishajua kuuinua udongo, kilichobaki ni kubandika mdomo na mkono, basi. Ilinichukua miezi minane kupata buli la kwanza linalomimina chai bila kulowesha kitambaa cha meza. Mikono yangu haikuwa mizito. Kilichonichelewesha ni mambo niliyokuja nayo kichwani nikiyaona ya kweli, na kila nikimwona mwanafunzi mpya karakanani, namwona kaja na yale yale.

"Gurudumu ndilo linalotengeneza buli"

Buli ni vitu vinne vinavyotakiwa kuishi kama kimoja: kiwiliwili, mdomo, kifuniko na mkono. Kila kimoja hufinyangwa peke yake, vitatu vya kwanza kwenye gurudumu. Kiwiliwili ni kama kijungu cha shingo fupi. Kwa buli la lita moja hivi, kilo moja hadi moja na nusu ya udongo inatosha. Mdomo hufinyangwa kama kichupa kisicho na kitako, chini pana juu pembamba. Kifuniko wengi hukifinyanga kichwa chini miguu juu kama kibakuli, kisha hukigeuza. Mkono wa buli haugusi gurudumu kabisa: unashika donge la udongo kwa mkono mmoja, unalowesha kiganja cha mkono wa pili, unalivuta taratibu kwenda chini kama anayekamua ng'ombe, mpaka linarefuka na kupata mgongo.

Kazi yote hiyo, kwa mtu aliyezoea, haizidi saa moja. Siku zinazofuata gurudumu limezimwa, na ndipo buli linapotengenezwa hasa: kusubiri, kufunika kwa nailoni, kufunua, kuchonga kitako, kupima, kukata, kuunganisha, kufunika tena. Anayefundishwa gurudumu peke yake amefundishwa robo.

Tena si kweli kwamba buli bora lazima litoke kwenye gurudumu. Yixing, katika jimbo la Jiangsu nchini China, wametengeneza mabuli madogo ya udongo wa zambarau usiopakwa kitu tangu zama za watawala wa Ming, na mabuli hayo yanaheshimiwa na wanywaji chai duniani kote. Mafundi wa huko kwa jadi hawafinyangi kwa gurudumu. Huutwanga udongo kwa nyundo ya mbao mpaka uwe bapa, hulikata, hulikunja kuwa pipa, kisha huupigapiga ukuta kwa kibao hadi ujipinde kuwa tumbo. Wenzao wa Tokoname, Japani, hufinyanga kwa gurudumu vibuli vyao vyekundu vyenye mkono ubavuni. Njia mbili mbalimbali, na zote zinatoa chai.

Nyumbani je? Kinamama wa Kikisi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, huunda vyungu vya duara la kupendeza kwa mikono tu, na vyungu hivyo hupelekwa sokoni Matema. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho, hujenga vyombo vyake kwa mkono, udongo juu ya udongo. Gurudumu lina faida yake kubwa, nami nalipenda kwa dhati: linakupa ukuta wenye unene mmoja kuzunguka, na linakupa mdomo wa chungu na kifuniko vilivyo duara halisi. Kwa buli hiyo ni neema. Ila tusilipe sifa ya mikono.

"Kutuliza udongo katikati kunataka misuli"

Hili linawavunja moyo wengi, hasa wasichana, na halina msingi. Aliyenifundisha ni mama mmoja mwembamba ambaye hakuwahi kuonekana akikaza shingo. Aliniangalia nikishindana na donge la kilo mbili, akasema, "Mwanangu, acha kulisukuma. Wewe tulia, litakufuata." Maana yake niliielewa siku alipokishika kiwiko changu akakikandamiza kwenye paja. Mkono unaoelea hewani unachezeshwa na udongo. Mkono ulioegemea paja au ubavu ni kama mwamba, na udongo unaozunguka ukikutana na kitu kisichotikisika, hauna pa kwenda isipokuwa katikati. Gurudumu liende mbio wakati wa kutuliza, lipungue kasi unapoinua ukuta. Maji yawe kidogo.

"Udongo uwahi ungali maji"

Methali ni ya kweli kwa malezi, na ni ya kweli kwa kuinua ukuta. Kwa kuunganisha buli inapoteza watu. Ukibandika mdomo ungali laini, unabonyea kama kitumbua kabichi na kiwiliwili kinaingia ndani. Ukichelewa hadi udongo ukapauka, vipande vitashikana kwa siku mbili kisha ufa utatokea palepale kwenye kiungo. Kuna wakati wa katikati ambao ndio roho ya kazi hii: udongo umeshika, kidole hakibonyezi lakini ukucha unaacha alama, na ukiugusa kwa shavu bado una ubaridi. Hapo unachanja chale pande zote mbili, unapaka uji mzito wa udongo ule ule, unakandamiza na kuzungusha kidogo mpaka uji utokeze pembeni.

Kwa nini tujali kiasi hicho? Udongo hupungua. Kutoka ubichi wake mpaka unapotoka kwenye moto mkali, udongo mwingi wa moto huo husinyaa kwa asilimia 10 hadi 13. Kifuniko ulichokipima sentimita 10 kinaweza kutoka tanurini na sentimita 8.8. Kupungua si tatizo iwapo vyote vinapungua pamoja. Tatizo ni kiwiliwili kilichoanza kukauka tangu Jumatatu kuunganishwa na mdomo uliofinyangwa Alhamisi. Kimoja kimeshamaliza nusu ya safari, kingine ndio kwanza kinafunga mizigo. Lazima pachanike.

Kosa hilo nimelifanya mimi. Nilifinyanga kiwiliwili kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, nikakosa muda wa kifuniko, nikakifanya wiki iliyofuata kwa udongo wa mfuko mwingine. Kwa bikari vililingana kabisa. Vilipotoka kwenye moto kifuniko kilikuwa kinacheza ndani ya shingo kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tangu siku ile sinyanyuki kwenye gurudumu kabla vipande vyote havijakaa juu ya ubao mmoja, navipima shingo ya kiwiliwili na kifuniko kwa bikari vingali vibichi, halafu kifuniko kinakaukia mahali pake, juu ya shingo yake, mpaka mwisho. Vikipinda, vipinde pamoja.

Mdomo nao una tabia yake. Ulipofinyangwa ulisokotwa, na udongo haukisahau ulichotendwa. Unapokauka na kuchomwa hujinyosha kidogo, kama kamba iliyoachiwa. Ukiukata ncha yake ikae sawa na mstari wa meza, utatoka tanurini umeinama upande mmoja. Wafinyanzi hukata ncha kwa kuipindisha kidogo kuelekea upande wa pili ili moto uisawazishe. Kiasi gani? Inategemea udongo wako na ulivyousokota, kwa hiyo fanya midomo miwili mitatu ya majaribio na uichome kabla ya kukata ule unaoupenda.

"Hewa iliyonaswa ndiyo inayolipua vyungu tanurini"

Hii utaisikia karakana yoyote utakayoingia, na hata wanaofundisha huirudia. Hewa iliyonaswa si ya kupuuzwa kwenye gurudumu: kipovu kinakutikisa mkono na kukuharibia ukuta, na ndiyo sababu tunaukanda udongo vizuri. Lakini kinacholipua chombo ni maji. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi kama mara 1,700 ya ile yaliyokuwa nayo. Ukuta mnene ambao nje umekauka na ndani bado una unyevu, ukipelekwa haraka kupita nyuzi 100 za Selsiasi, mvuke hautapata njia ya kutoka. Utaitafuta kwa nguvu.

Tunajuaje si hewa? Kuna mikono ya buli na vishikio vya vifuniko vyenye uwazi ndani, hewa imejaa tele, na vinachomwa salama kwa sababu vimekaushwa mpaka mwisho na moto ukapandishwa polepole. Kwa buli, sehemu za kuogopa ni kitako ulichokiacha kinene na kiungo cha mkono ulipolundika udongo. Achia buli likauke siku nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Ukilishika shavuni na bado lina ubaridi, halijawa tayari.

"Limepita moto mkali, basi linaweza kukaa jikoni"

Kwetu sisi hili ni la hatari, kwa sababu chungu tumekijua kikikaa juu ya mafiga. Bibi yangu alipika maharage kwenye chungu miaka na miaka juu ya kuni. Iweje basi buli lililochomwa kwa nyuzi 1,200 au zaidi lishindwe na jiko la mkaa?

Ni kwa sababu hiyo hiyo. Chungu cha kupikia huchomwa kwa moto mdogo, mara nyingi chini ya nyuzi 900, na udongo wake umechanganywa mchanga au gae lililosagwa. Kinabaki na vijitundu visivyohesabika na chembe kubwa kubwa. Upande mmoja ukipata moto na kutanuka, mwili wake una nafasi ya kupokea mtanuko huo, na ufa mdogo ukianza hukwama kwenye chembe au kwenye kitundu. Buli la moto mkali limeshikamana karibu kama kioo. Ndiyo maana halivuji, na ndiyo maana moto ukiligusa kitako huku tumbo likiwa baridi, hupasuka kwa mlio mmoja. Chai ya maziwa na tangawizi ichemkie sufuriani, kisha imiminwe. Hata hapo, suuza buli kwanza kwa maji ya moto, hasa asubuhi za baridi.

Ndani ya hili kuna dhana nyingine: kwamba ile ngozi inayong'aa, glezi, ni rangi ya urembo. Glezi ni kioo kinachoyeyukia juu ya udongo, silika, yaani madini ya mchanga, iliyosaidiwa na majivu, mawe ya feldspa au madini mengine ili iyeyuke mapema. Isiyolingana na udongo wake hufanya nyufa nyembamba kama nywele. Na zile za zamani zenye madini ya risasi hazifai kabisa kwa chombo cha kunywea, kwa kuwa vitu vikali kama ndimu huitoa risasi ikaingia kinywajini. Muulize anayekuuzia glezi imetengenezwa kwa nini. Ni haki yako, na ya watakaokunywa.

"Mdomo kudondosha ni bahati mbaya"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mtu amehangaika wiki tatu, anamimina kikombe cha kwanza, na chai inateleza chini ya mdomo, inashuka tumboni, inafika mezani. Anaambiwa ndivyo mabuli yalivyo. Sivyo.

Jambo lenyewe limechunguzwa na wanasayansi. Mwaka 1956 Markus Reiner aliliita athari ya buli, na mwaka 2021 watafiti wa Vienna na London walieleza kwamba, unapomimina polepole, tone dogo hubaki limeshikilia upande wa chini wa ncha na kuuvuta mkondo urudi nyuma. Fundi wa mdila wa kahawa huko pwani huijua dawa: ncha kali. Ukikata mdomo wa buli, usiuviringe kwa sponji mpaka uwe laini kama mdomo wa kikombe, jambo ambalo kila anayeanza hulifanya kwa kuliona zuri. Acha makali ya chini. Geuza ncha kidogo kwenda chini. Na unapopaka glezi, isijae pale ikayameza makali uliyoyaacha.

Ncha hiyo iwe juu kuliko pale kifuniko kinapokaa, au angalau sawa nayo. Maji hutafuta usawa mmoja. Mdomo ukiwa mfupi, buli halitajaa kamwe. Litamwagia mdomoni kabla hujamaliza kulijaza. Weka rula kabla ya kuunganisha.

Kisha angalia ndani. Matundu ya kuchujia majani, yale tunayoyatoboa kiwiliwilini kabla ya kubandika mdomo, yakijumlishwa yawe na nafasi kubwa kuliko ncha ya mdomo. Matundu matano hayatoshi. Toboa 15 au 20, ya milimita 4 au 5, kwa sababu yatapungua kwa moto na glezi itayapunguza tena. Baada ya kupaka glezi, puliza kupitia mdomoni ili yasizibe.

La mwisho ni kitundu kile kidogo juu ya kifuniko, ambacho nilidhani ni cha kutolea mvuke. Ni cha kuingizia hewa. Chai haitoki kama hakuna kinachoingia kuchukua nafasi yake. Jaza buli lako maji, anza kumimina, kisha ziba kitundu hicho kwa kidole. Mkondo ukikatika papo hapo, kifuniko chako kimekaa.