Gari la oto likiwekwa P, kinacholizuia ni nini hasa?

Pita Mama Ngina, hapa Mombasa, jioni ya Jumapili. Magari yamepangana yakiielekea bahari, wenyewe wamejiondokea kutafuta mihogo ya kukaanga na madafu. Chungulia ndani ya gari lolote la oto, lile linalobadili gia lenyewe: mkono wa gia uko P, yaani ya kupaki, hendibreki imelala chini. Ukimuuliza mwenyewe, jibu utalopewa ni lile lile. Hili ni oto, P yatosha. Hendibreki ni mambo ya manyuali, na ya siku ya mtihani wa leseni.

Si jibu la kipuuzi, maana gari kweli haliendi popote. Tatizo ni ile picha iliyo kichwani mwa wengi wetu, kwamba ukiweka P gari linajibana breki, tena zote nne, na kuzishikilia mpaka urudi. Ukiamini hivyo, hendibreki inakuwa kurudia kazi iliyokwisha fanywa. Na ukiamini hivyo, hutaelewa kwa nini gari hilo hilo "lililobanwa" linasogea kidogo ukiachia mguu, kwa nini P huwa ngumu kutoka ukiwa umepaki mteremkoni, wala kwa nini gari lililo kwenye P laweza kushuka lenyewe kutoka juu ya jeki.

P haigusi breki hata moja. Pedi, diski, dramu, mafuta ya breki, vyote hivyo havina habari kwamba umeweka P.

Kazi yote inafanyika ndani ya giaboksi. Kwenye shafti inayopeleka nguvu magurudumuni kuna gia moja ya ajabu: ina meno makubwa yaliyoachana, nayo haiendeshi kitu chochote. Pembeni yake kumekaa kipande cha chuma kifupi chenye jino moja. Tukiite kikomeo. Ukipeleka mkono wa gia P, kikomeo kinasukumwa kiingie kati ya meno mawili ya gia ile. Shafti haizunguki tena, na magurudumu yaliyofungamana nayo yanasimama. Basi, hakuna zaidi. Tani nzima ya chuma, na watu waliomo, imeshikwa na jino moja.

Ili kuona tabia za jino hilo, chukua baiskeli ya mwuza maji, madumu yamejaa nyuma, imeegeshwa mahali penye mteremko. Chomeka fimbo katikati ya spoki za gurudumu la nyuma. Baiskeli haisimami pale pale. Inateremka kidogo mpaka spoki ikutane na fimbo, ndipo inakwama kwa kishindo. Huo ndio ule msogeo unaousikia ukiweka P kisha ukaachia breki ya mguu: gari linatafuta jino. Tena huenda fimbo yako ikagonga spoki yenyewe badala ya nafasi iliyo katikati. Itabidi uikandamize na kungoja gurudumu lisogee kidogo, ndipo iingie. Ndani ya giaboksi kungoja huko kunafanywa na springi. Kikomeo kikikuta jino badala ya pengo, springi inakisukuma juu ya jino hilo mpaka pengo lifike.

Jaribu sasa kuichomeka fimbo gurudumu likiwa linakwenda kasi. Haiingii. Inarushwa, inarushwa tena, na kelele zake jirani atazisikia. Gia ya P nayo imechongwa hivyo makusudi, pembe za meno yake zikitupilia mbali kikomeo gari likiwa bado linatembea. Ndiyo ile "krrrr" ya mtu mwenye haraka anayeweka P gari halijasimama. Gari halipinduki, kama wanavyohofia abiria, lakini ncha ya jino inalika. Mwisho, mwuza maji karudi na anataka kuondoka. Fimbo haitoki, kwa sababu mzigo wote umeilalia. Lazima kwanza asukume baiskeli juu kidogo, ndipo aichomoe. Wewe uliyepaki mteremkoni kwa P tupu huna wa kukusukumia gari, kwa hiyo unauvuta mkono wa gia kwa nguvu na kusikia "ta!" inayotikisa mpaka viti. Hiyo ni sauti ya chuma kikichomolewa chini ya mzigo.

Mzigo wenyewe wakadirika. Gari dogo mfano wa Vitz lina uzito wa karibu tani moja. Kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani unaopanda mita moja kwa kila mita 10, linavutwa chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Ukipaki P tupu, hizo zote zinaishia kwenye jino lile.

Kanuni za usalama wa magari za Marekani zinakubali jambo hili bila aibu. Gari la oto lililofungwa kwenye P linapimwa kwenye mteremko wa asilimia 10, na linaruhusiwa kusogea hadi milimita 150 kabla ya kusimama. Sentimita 15 za kuserereka, zimeandikwa kwenye sheria! Hendibreki inapimwa kwingine kabisa: mteremko wa asilimia 20, gari likiwa N, yaani nyutro, na isimamishe gari kwa dakika tano, kwanza likitazama juu kisha likitazama chini. Kanuni hizo si zetu, na magari yetu mengi yanashuka bandari ya Kilindini yakitoka Japani. Hata hivyo zinaonyesha wahandisi wanategemea nini kufanya kazi gani. Hendibreki inatakiwa kushika mara mbili ya mteremko wa P, tena bila msaada wa giaboksi.

Je, jino hilo huvunjika? Mara chache mno, na anayekutisha kwamba giaboksi itakufa kwa sababu ulipaki P tupu mahali tambarare anatia chumvi. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni tambarare, na mteremko ni wa kuutafuta: gati la Likoni maji yakiwa yamekupwa, pakingi za chini ya majengo, au ukishatoka nje ya mji ukapanda Rabai au Kwale. Kinacholiumiza jino zaidi ni kugongwa. Kando ya Marikiti, ambako kupaki ni kusogezana bampa kwa bampa, kila anayekusukuma "kidogo tu" anampiga yule kikomeo kwa kilo mia kadhaa kwa mkupuo.

Hatari isiyosemwa sana ni ya jeki, nayo chanzo chake ni difu. Kazi ya difu ni kuziacha tairi ya kulia na ya kushoto ziende mwendo tofauti kwenye kona. Kikomeo kinashika shafti, lakini difu iliyo mbele yake iko huru bado: tairi moja ikienda mbele, mwenziwe aweza kurudi nyuma. Zote mbili zikiwa zimekanyaga lami haiwezekani, maana lami inazizuia. Inua moja kwa jeki na mambo yanabadilika. Ile ya hewani inazunguka kinyume bila kizuizi, ile iliyo chini inabingirika, na gari linateremka kutoka juu ya jeki huku mkono wa gia ukionyesha P kwa ukamilifu. Vitz, Fit, Demio, Note na Probox zilizojaa barabarani mwetu aghalabu huendeshwa na tairi za mbele, kwa hiyo pancha ya mbele ndiyo ya kuogopa. Kwa Hiace ni ya nyuma. Katika magari hayo yote hendibreki hushika tairi za nyuma, na kila tairi ina breki yake, difu haina la kusema. Kwa gari dogo la kuendeshwa mbele, P na hendibreki kwa pamoja ndiyo njia pekee ya kushikwa tairi zote nne.

Utaratibu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Simama kwa breki ya mguu, peleka gia N, vuta hendibreki, kisha achia mguu polepole. Gari litasogea kidogo na kutulia juu ya hendibreki. Kanyaga tena, weka P, zima. Sasa mzigo uko kwenye breki, na kikomeo kimekaa ndani ya pengo lake bila shida yoyote. Anayeweka P kwanza halafu akavuta hendibreki, mguu wake ukiwa bado umekanyaga, hajakosea sana. Ila yule anayeweka P, akaachia mguu, gari likalalia jino, ndipo akakumbuka hendibreki, ameivuta ikawa pambo. Mzigo umeshafika kwenye jino na hauhami tena. Wakati wa kuondoka, mguu ukiwa kwenye breki, toa gia P kwanza na hendibreki ishushwe mwisho.

P yenyewe haikuwepo tangu mwanzo. Giaboksi ya kwanza ya oto kutengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitoka mwaka 1939 kwenye Oldsmobile za 1940 bila P. Dereva alizima injini na kuacha gia kwenye rivasi, na hapo ndipo shafti iliposhikwa. P ilipokuja ilileta balaa lake, la mtu kudhani ameiweka kumbe mkono umesimama nusu njia. Ford ililalamikiwa miaka ya 1970 kwa magari yaliyoonekana yako P kisha yakaruka yenyewe kwenye rivasi. Mwaka 1980 yakafikiwa makubaliano na serikali ya Marekani, na wenye magari kama milioni 23 wakatumiwa stika ya kubandika mbele ya dereva, ikiwakumbusha kuhakikisha P imeingia, kuvuta hendibreki na kuzima injini. Gari halikurekebishwa. Ni stika tu. Mwaka 2016 kampuni iliyokuwa ikiunda Jeep iliyaita magari takriban milioni 1.1 kwa sababu mkono wake wa gia ulirudi katikati kila ulipoguswa, na madereva walikuwa wakishuka wakiamini wameacha P. Hendibreki ingewafaa wote hao, kwa kuwa haijali mkono wa gia umesimama wapi.

Kuna pingamizi moja la watu wa pwani lenye nguvu: chumvi. Hewa yetu inakula chuma, na hendibreki iliyovutwa muda mrefu huweza kugoma kuachia. Ni kweli, lakini nusu. Waya wa hendibreki unapita ndani ya ala, na unaoganda mara nyingi ni ule usiotumika: miaka inapita haujavutwa, maji na chumvi vinaingia, kutu inajaza nafasi. Siku ukiuhitaji hauji, au ukija haurudi. Kuuvuta kila siku kunaufanya uendelee kuteleza. Magari mengine, mfano wa Prius nyingi, hayana hata mkono wa kuvuta. Kuna pedali ndogo kushoto kabisa, na wapo wanaomiliki gari hilo miaka bila kuikanyaga.

Nusu ya pili ni ya gari linalolala. Likioga mvua ya masika likiwa na hendibreki juu, kisha ukaliacha mwezi mzima, lainingi zinaweza kushikana na dramu kwa kutu, na ukija kuondoka tairi za nyuma zinaburuzwa. Anayesafiri bara au Unguja kwa wiki nyingi ni afadhali atafute mahali tambarare, aweke P, ashushe hendibreki, na aingize jiwe mbele na nyuma ya tairi moja. Jiwe liwe kubwa kuliko la kuegemeza mlango wa duka.